Punda wa Mama Wawira Mbele ya Kamati

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na blanketi, mkakata keki, kisha mkubwa wetu akasimama akasema nimeitumikia idara miaka yote "bila kelele." Mimi? Bila kelele? Karibu niteme keki mezani. Nimepiga kelele tangu nilipoajiriwa, ni vile tu nilizipigia kwenye maboma ya watu, mahali ambapo wakubwa hawafiki kwa sababu gari litachafuka. Sasa mmeniomba niandike kuhusu kazi, hasa kuhusu akupancha, ile tiba ya kumdunga mnyama sindano zisizo na dawa, maana mmeanza kuiona kwenye simu zenu na mnafikiri imekuja juzi. Nitaandika. Lakini kuna jambo moja limenikaa kooni miaka mingi, na nikilifikia msitegemee upole.

Nilizaliwa Kanja, kwa watu wa kahawa na ng'ombe wa maziwa, na nilipotoka chuo cha mifugo nikapelekwa Meru kuwa msaidizi wa Daktari Mutwiri. Alikuwa mtu mfupi, shati limepigwa pasi mpaka mikono, na hakupenda salamu ndefu. Alikuwa mmoja wa wale vijana wachache waliotumwa ng'ambo kusoma baada ya uhuru. Yeye alienda Uchina, na huko ndiko alikofundishwa sindano. Siku yangu ya kwanza nilifika na koti jeupe jipya na mkoba umejaa vifaa. Akaniambia, "Weka hiyo mkoba chini. Funga macho. Sasa weka mkono kwa mgongo ya huyu ng'ombe." Asubuhi nzima nilipapasa migongo. Ng'ombe, mbuzi, tena ng'ombe. Mimi mwenye cheti, nimefanywa kipofu anayetafuta mlango! Nilienda nyumbani nimenuna. Kesho yake nikapata mahali ambapo ngozi inaruka mkono ukipita, na nyama ya chini imekazana kama kamba, naye akasema, "Haya. Sasa unaweza kuanza kazi."

Sindano zake zilikaa kwenye mkebe wa biskuti, zimelazwa juu ya pamba. Hazikuwa kama hizi zenu za kutupa, zinazokuja zimefungwa moja moja. Zilikuwa za chuma kizito, tulizinoa kwa jiwe laini na kuzichemsha kwa sufuria ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuipikia chai, ingawa mlinzi wetu alijaribu. Mambo ya kushika si mengi. Anza na kwato, kwa sababu punda au farasi akichechemea, mara nyingi shida iko chini huko, na ukimdunga mgongoni huku jiwe limemkwama kwatoni, wewe ni mjinga mwenye sindano. Usimdunge mnyama mwenye homa kabla hujajua homa ni ya nini. Sindano iliyopinda usiinyooshe, itakuvunjikia ndani. Zihesabu zikiingia, uzihesabu zikitoka. Ukipata mahali penyewe utahisi nyama inaishika sindano, halafu mnyama anashusha kichwa, mdomo wa chini unalegea, anapiga miayo. Hapo mwache. Usimsemeshe, na tafadhali usimpige picha.

Tulikuwa tunaitwa Timau kutibu farasi wa mashamba makubwa. Farasi akiumia mgongo kwa kupandwa vibaya, mwenyewe hasemi mengi, anapiga simu tu, na mkifika mnakuta kiti, maji ya moto na sabuni ya kunukia. Daktari Mutwiri anapanga sindano kuanzia mabegani mpaka kiunoni, farasi anasinzia, na wafanyakazi wa zizi wamesimama wanatazama. Hao walikuwa watu wetu, Wakristo wa kila Jumapili, na wengine waimbaji wa kwaya. Hakuna hata mmoja aliyetaja shetani. Mmoja aliniuliza kama na yeye anaweza kudungwa goti. Hilo mlikumbuke, kwa sababu mimi sikulisahau.

Mjini Meru kulikuwa na mwalimu aliyekuja na mbwa kwenye kapu la ndizi, miguu ya nyuma imekufa ganzi baada ya kuanguka kutoka ukutani. Watu kwenye foleni walimcheka mpaka akainamisha uso. "Mwalimu mzima, kubeba mbwa kama mtoto!" Tukamdunga mbwa yule wiki baada ya wiki, tukamfundisha mwalimu kumkanda na kumgeuza, na siku moja akaja anatembea mwenyewe, upande upande kama mlevi, lakini anatembea. Msije mkaenda kutangaza kwamba sindano huponya kila kitu. Mbwa aliyevunjika uti wa mgongo hatasimama hata umdunge mpaka afanane na nungunungu. Mimi nimeshawaambia watu wengi, "Huyu hapana," na ni sehemu ya kazi kama hiyo nyingine.

Baadaye nikahamishwa Kiritiri. Daktari Mutwiri alinipa ule mkebe wa biskuti, akaniambia, "Huko chini utakuta punda. Mwenye farasi atakushukuru. Mwenye punda atakuuliza kwa nini unapoteza wakati." Alikufa kabla sijarudi kumwambia kwamba alikosea kidogo.

Punda wa Kiritiri anabeba maji, anabeba mchanga, anabeba makaa, na barabara ikiharibika anabeba hata mgonjwa. Na mgongo ukimshinda, tiba ilikuwa moja. Chuma. Wanaume wanapasha chuma motoni mpaka kiwe chekundu, wanamwangusha punda, wanamkalia shingo, wanamchora mistari begani na kiunoni, nyama inanuka boma zima. Ati maumivu yanatoka na moshi! Nilikosana na wanaume wengi kwa ajili ya kile chuma. Mmoja aliniambia niende nikaolewe. Nikamwambia nimeolewa, na mume wangu hachomi kitu kinachompa chakula.

Hapo ndipo alipokuja Mama Wawira. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kikundi cha akina mama kanisani, na kazi yake ilikuwa kuteka maji mtoni na kuyauza kwa mahoteli ya sokoni. Punda wake alikuwa mmoja tu, wa kijivu, anaitwa Lori. Maji ya Lori ndiyo yaliyomsomesha binti yake Wawira mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka huo Wawira alikuwa amechumbiwa, harusi imepangwa, majina yameanza kutangazwa kanisani. Sasa Lori alikuwa anaburuta mguu wa nyuma, na shemeji yake Mama Wawira alikuwa amekwisha kumchoma chuma mara mbili.

"Dakitari," akaniambia, "wamemchoma na bado iko vile vile. Hii punda ikilala, mimi nimelala."

Nilimtazama Lori kwato, zilikuwa safi. Mgongo ulikuwa umekaza kuanzia mbavuni mpaka kiunoni kwa kubeba mitungi isiyolingana, mmoja umejaa, mwingine nusu. Nikamfundisha Mama Wawira kusawazisha mzigo na kumwekea gunia lenye majani chini ya kamba. Nikamwambia ampumzishe, na kwa kweli alimpumzisha, akakodi mkokoteni wa jirani na kula hasara. Halafu nikatoa mkebe wangu. Akauliza, "Hizo ziko na dawa gani?" Nikamwambia hazina. Akatazama, akatazama tena, akasema, "Wewe ndiyo ulisoma. Dunga." Mara ya pili nilipokwenda, mguu ulikuwa unainuka. Nawaambia, yule mama alicheka kama msichana.

Mara ya tatu nilikuwa nimemaliza kuzipanga, Lori amefunga macho, mdomo unaning'inia, nami nikaenda jikoni kunawa. Kumbe jirani, Mama Nyaga, alikuwa anatoka maombi na akapitia njia ya bomani. Akaona punda kichwa chini, amesimama kama aliyekufa, mgongo umejaa vyuma vinavyong'aa. Huko watu wanajua hadithi za mnyama aliyerogwa kwa kuchomekwa kitu mwilini, na mama wa watu akaona vyuma vimechomekwa mchana kweupe. "Uuuwi! Yesu! Wamemmaliza Lori!" Nikatoka mbio na mikono ina sabuni. Nikamkuta anazing'oa moja baada ya nyingine, anakemea kwa jina la Bwana, na anazirusha kichakani. Lori aliamka akashangaa tu. Tulitafuta sindano zile kwa magoti mpaka jua likakaribia kuzama, Mama Nyaga mwenyewe akitusaidia huku analia na kutuombea.

Mama Nyaga simlaumu. Aliogopa kwa ajili ya jirani yake, akaingia mahali alipoona hatari kwa mikono mitupu. Ninaowalaumu ni wale waliokaa chini, wakanywa chai, wakafikiri vizuri, halafu wakafanya walichofanya.

Mchungaji alikuwa na makanisa mengi na alikuja kwa nadra. Waliotawala pale walikuwa kamati ya wazee wa kanisa, na mwenyekiti alikuwa Mzee Njeru, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Habari za Lori zikawafikia, wakamwita Mama Wawira. Wakamwambia ameingiza uganga nyumbani kwake. Wakamtoa kwenye Meza ya Bwana, asishiriki, asiimbe na wenzake, akae kiti cha nyuma. Na harusi ya Wawira isimame mpaka mama atubu mbele ya kanisa zima na kuapa kwamba sindano zile hazitamgusa mnyama wake tena.

Nilikwenda kwa ile kamati bila kualikwa. Mtu asiniambie nilikosa adabu, najua nilikosa.

Mzee Njeru alikuwa mtulivu. "Karibu, Dakitari. Sisi tuna swali moja tu. Hiyo sindano, dawa iko wapi?"

"Haina dawa, Mzee. Inaamsha nyama iliyokaza, damu inapita, maumivu yanapungua."

"Kama haina dawa, nguvu ya kuponya inatoka wapi? Sisi tunajua nguvu mbili tu."

"Mama watoto akikukanda mgongo jioni, Mzee, hiyo dawa huwa iko wapi?"

Mzee mmoja pale nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Njeru hakucheka.

"Na kile chuma?" nikaendelea, maana sasa nilikuwa nimewaka. "Shemeji yake alimchoma Lori mara mbili. Hapa kwenu, ni nani hajamchoma punda? Hiyo ni nguvu ya nani?"

"Hiyo ni desturi ya kutibu. Tumeikuta."

"Na Yesu aliingia Yerusalemu amepanda nini?"

"Dakitari, usitufundishe Biblia," akasema, na mkutano ukafungwa kwa sala. Waliniombea kwa jina, kwa sauti, nikiwa nimesimama pale pale. Mpaka leo nikikumbuka sala ile masikio yanapata moto.

Sasa sikilizeni. Mzee Njeru alikuwa na ng'ombe wa gredi, wa pekee upande ule, anayeletewa nyasi kwa pikapu kutoka nchi ya juu. Ng'ombe huyo akazaa kwa shida, wakamvuta ndama kwa kamba na nguvu nyingi kuliko akili, na mama akashindwa kusimama. Nilimpa dawa ya kalsiamu kwenye mshipa kama inavyotakiwa, hakusimama. Mishipa ya fahamu ya mapaja ilikuwa imebanwa. Daktari mwingine wa mifugo aliyetoka Embu akasema achinjwe. Kesho yake nikaona mfanyakazi wa Mzee Njeru mlangoni kwangu, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyekuja kuuza pombe haramu.

"Mzee anasema ukuje na zile nyembamba. Lakini usipitie barabara. Pitia kwa mto."

Kwa mto! Karibu nimfungie mlango. Halafu nikachukua mkebe na kwenda, kwa sababu ng'ombe hakuwa kwenye kamati. Mzee Njeru alinipokea nyuma ya ghala, ameshika kofia.

"Mzee, hizi si zile za shetani?"

"Dakitari, huyu ng'ombe anakufa."

"Na Mama Wawira?"

"Hiyo ni maneno ya kamati. Si yangu peke yangu."

Nikamdunga ng'ombe wake kiunoni na mapajani, nikarudi kesho na kesho kutwa, tukamgeuza ubavu na kumwekea nyasi nyingi chini asipate vidonda. Siku niliyomkuta amesimama, Mzee Njeru alikuwa amemshika mkia anatokwa na machozi. Nilifikiri sasa amelainika. Nilisubiri neno lake. Akaniambia nipitie tena kwa mto nikirudi.

Jumamosi Mama Wawira akaja kwangu. Habari za yule ng'ombe alikuwa amezisikia. Mfanyakazi gani anaweza kukaa na siri kama hiyo? Nikamwambia kesho nitasimama kanisani niseme kila kitu. Akanishika mkono.

"Usiongee. Nakuomba. Mtoto wangu anataka kuingia na shela kwa mlango ya kanisa, kila mtu akiona. Ukisimama, watasema nimeleta mganga wangu mpaka ibada, na harusi imekufa. Wacha nitubu."

"Utatubu nini, Mama Wawira? Umefanya nini?"

"Sijui. Nitatubu tu."

Na akatubu. Jumapili hiyo alipiga magoti mbele, mwanamke wa umri wake, mikono imekaushwa na kamba za mitungi, akaomba msamaha kwa kumponya punda, na akaapa. Mzee Njeru ndiye aliyempa maneno ya kurudia. Alipomaliza, ikaja sehemu ya shukrani, na Mzee Njeru huyo huyo akasimama na kulishukuru kanisa kwa maombi, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa amelala kama maiti na Bwana amemwinua. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeanza kusimama, nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Mama Wawira aligeuka akaniangalia, nikakaa. Sijawahi kukaa kwa uchungu kama ule.

Kukatisha tiba katikati si jambo dogo. Lori alikuwa bado hajamaliza, na bila sindano mguu ukaanza tena kuburuta. Mama Wawira hakumrudisha kwa chuma. Hilo lilimkosanisha na shemeji yake. Alimwacha Lori bomani na kuanza kubeba maji mwenyewe, mkanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso, mtungi mgongoni, kama mama zetu walivyobeba. Maji ya harusi ya Wawira, ya kupikia pilau na ya kunywa wageni, yaliletwa na mgongo wa mama wa bibi harusi. Nilikula pilau ile. Mzee Njeru alikuwa meza ya mbele, na alikula mara mbili. Wawira alipendeza, sitasema uongo, alipendeza sana, na mama yake alicheza mpaka viatu vikamtoka.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa kwenye kibanda chetu cha kutibia, kando ya uwanja wa mbuzi. Nikasikia soko linanyamaza upande mmoja. Nikatoka. Mama Wawira alikuwa anakuja, amevaa ile sare nyeupe ya kikundi cha akina mama, anamvuta Lori kwa kamba. Hakupitia kwa mto. Alipitia katikati, kwenye mitumba, kwenye maharagwe, mbele ya wenzake wa kanisa, mbele ya duka la Mzee Njeru, polepole, kwa sababu Lori hakuweza kwenda haraka. Na Mzee Njeru akatoka dukani akamfuata mpaka kwangu.

"Mama Wawira! Uliapa mbele ya Mungu."

"Niliapa mbele yako, Mzee," akasema, anamfunga Lori kwa nguzo. "Mungu alikuwa anajua ng'ombe yako."

Kuna mtu kwenye mbuzi aliangua kicheko. Mzee Njeru akasogea karibu, akapunguza sauti, lakini wote tulisikia. "Nitakutoa tena kwa Meza."

"Nitoe. Mtoto ameolewa. Ulikuwa unanishika na yeye, sasa utanishika na nini?"

"Na siku utakufa? Unafikiri nani atakuja kukuzika?"

Mama Wawira alimaliza fundo lake kwanza. Kisha akanyoosha mgongo, akamtazama Mzee yule kwa heshima zote za mtu na mwenyekiti wake.

"Mzee, wewe ni jirani yangu. Upepo inatoka kwangu inakuja kwako. Nikikaa siku mbili bila kuzikwa, wewe mwenyewe utakuja na jembe."

Halafu akanigeukia. "Dakitari, dunga."